Kundi, Orodha ya Matangazo, Chaneli au SMS: Ipi Inafaa kwa Majina Yaliyomo Simuni Mwako?

Wafanyabiashara na makatibu wa vikundi hapa Tanga huuliza mara kwa mara ni programu gani ya ujumbe iliyo bora, kana kwamba jibu moja linaweza kumfaa mwenye duka la vitambaa wa Ngamiani, muuza maziwa wa Pongwe na katibu wa kamati ya harusi huko Makorora. Kwa maoni yangu swali hilo linaanzia katikati. Kabla ya programu kuna orodha ya majina, na ndani ya orodha hiyo kuna jambo moja linaloamua karibu kila kitu kinachofuata, nalo ni nani amehifadhi namba ya nani. WhatsApp, Telegram, Signal na ujumbe mfupi wa kawaida vyote hufikisha maneno yale yale, lakini kila kimoja hulichukulia jambo hilo kwa namna yake. Ndiyo sababu mtu mmoja hufikisha tangazo kwa wateja wake wote, huku mwenzake mwenye programu ile ile akibaki kushangaa kwa nini wengi wao hawakulipata.

Majina yanakaa wapi

Unapohifadhi namba mpya kwenye simu ya Android huulizwa uiweke kwenye laini, kwenye simu yenyewe au kwenye akaunti ya Google, na wengi wetu hubonyeza kilicho juu bila kusoma. Laini ndiyo njia kongwe. Kwa kawaida hubeba majina kama 250, kila jina likiwa fupi na lenye namba moja, bila picha wala maelezo mengine. Faida yake ni kwamba ukiichomoa ukaitia kwenye kitochi, majina huenda nayo. Hasara yake huonekana siku laini inapopotea: wakala atachukua alama za vidole na kukurudishia namba yako ile ile, ila kadi mpya huja tupu, haina hata jina moja. Kuhifadhi kwenye simu yenyewe kunaruhusu majina mengi zaidi, lakini simu ikizama baharini pale Deep Sea au ikichomolewa mfukoni sokoni Mgandini, yote yameondoka nayo.

Akaunti ya Google hubeba hadi majina 25,000, huyaonyesha hata bando likiisha kwa sababu nakala imo simuni, na ukifuta kwa bahati mbaya unaweza kuirudisha orodha ilivyokuwa ndani ya siku 30 zilizopita. Ina pia kazi ya kuunganisha majina yaliyojirudia, ambayo mtu aliyebadili simu mara kadhaa anaihitaji sana. Mwenye iPhone hupata huduma inayofanana na hiyo kupitia iCloud. Sioni sababu ya mwenye simu janja kuendelea kuweka namba za wateja kwenye laini, isipokuwa zile chache za watu wa nyumbani ambazo angependa kuzipata hata akiwa na simu ya kuazima.

Watu wengi huamini kwamba nakala rudufu ya WhatsApp inatosha. Nakala hiyo hurudisha mazungumzo, picha na makundi, ilhali majina WhatsApp huyasoma kwenye orodha ya simu. Kwa hiyo aliyepata simu mpya bila kuwa na majina yake mahali pengine atafungua mazungumzo na kukuta safu ndefu ya namba zinazoanza na +255, kisha atalazimika kufungua moja moja na kusoma yaliyoandikwa ili akumbuke anazungumza na nani. Oktoba 2024 WhatsApp ilitangaza njia ya kuhifadhi jina ndani ya programu yenyewe, liweze kurudishwa simu ikipotea, na hilo limepunguza tatizo kwa majina mapya, ingawa haliyasaidii yale ya zamani yaliyokuwa kwenye laini.

Hapa Telegram iko mbele. Orodha yake ya majina hukaa kwenye seva zake, na mtu akiingia kwa namba yake kwenye simu nyingine hukuta majina na mazungumzo ya kawaida kama alivyoyaacha. Urahisi huo una gharama yake, kwa kuwa mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayafungwi kwa usimbaji wa kutoka simu hadi simu, yaani ule unaowaacha mtumaji na mpokeaji tu wausome ujumbe, kama yalivyo ya WhatsApp na Signal. Ulinzi huo hupatikana tu kwenye mazungumzo ya siri, ambayo mtu lazima ayaanzishe kwa makusudi. Kwa bei ya samaki si kitu. Kwa habari za ugonjwa au za mahakamani, ni jambo la kufikiriwa.

Namba kamili na jina linalotafutika

Mtu wa Tanga ana sababu ya ziada ya kuandika namba kwa ukamilifu, kwa kuwa Horohoro haiko mbali na wateja wa Lunga Lunga na Mombasa ni sehemu ya biashara. Namba nyingi za Kenya zikiandikwa kwa mtindo wa ndani huanza na 07 na huwa na tarakimu kumi, sawasawa na zetu. WhatsApp ikikuta namba isiyo na msimbo wa nchi huichukulia kuwa ni ya nchi ambako akaunti yako imesajiliwa. Matokeo yake ni kwamba mteja wa Mombasa uliyemhifadhi kwa 07 hutafutwa Tanzania, na huenda ama asionekane kabisa, ama bei zako za machungwa ya Muheza zikamwangukia mtu wa Singida ambaye hajawahi kukusikia. Dawa ni kuondoa sifuri ya mwanzo na kuandika +254 kwa wa Kenya na +255 kwa wa hapa, hata kama unadhani hutavuka mpaka maisha yako yote. Ujumbe mfupi wa kawaida nao hufuata kanuni hiyo ukiwa nje ya nchi, hivyo kazi hiyo ukiifanya mara moja inakufaa kila mahali. Telegram na Signal zina njia ya kulikwepa suala hili, kwani humruhusu mtu kujiwekea jina la mtumiaji na kutafutwa kwa jina hilo bila kutoa namba. Telegram imekuwa nayo kwa miaka mingi; Signal iliiongeza mwaka 2024.

Suala la jina lina uzito zaidi kuliko linavyopewa. Tazama orodha ya simu yoyote ya mjini hapa na utakuta Juma Boda, Juma Boda 2 na Juma Boda Mpya, na mwenye simu mwenyewe hajui tena nani ni nani. Utakuta pia Asha Voda, Asha Airtel na Asha Tigo. Mtindo huu wa kutaja mtandao ulikuwa na maana wakati kila mtu alikuwa akihesabu gharama za kupiga mtandao mwingine, lakini tangu Machi 2017 mteja wa Tanzania anaweza kuhamia kampuni nyingine akiwa na namba yake ile ile, na Tigo yenyewe ilibadili jina ikawa Yas mwishoni mwa 2024. Jina lenye mtandao ndani yake huchakaa bila mwenye jina kufanya lolote.

Mpangilio ninaoupendekeza ni kuanza na kazi au uhusiano, kisha jina, kisha mtaa: Boda Juma Chumbageni, Boda Juma Sahare, Maziwa Mama Zuhura Raskazone, Kikoba Bi Mwanaidi. Ukiandika «Boda» kwenye kisanduku cha kutafutia, wote hujipanga. Ukiandika «Sahare», unapata kila mtu wa Sahare, awe fundi, mteja au jirani. Mpangilio huu hufanya kazi sawasawa kwenye WhatsApp, kwenye SMS na hata kwenye kitochi kisichojua lebo wala folda, na kwa sababu hiyo nauona bora kuliko kutegemea kazi za programu moja. Tahadhari ndogo: unapomtumia mtu kadi ya jina ndani ya WhatsApp, jina huenda kama ulivyoliandika wewe, hivyo aliyeandika «Mzee Hamisi Deni Sugu» na afikirie mara mbili kabla ya kuigawa.

Kundi na orodha ya matangazo

Hapa ndipo uchaguzi hasa ulipo, na ndipo watu wengi huchagua vibaya kwa kuwa kundi ndilo wanalolijua. Kundi la WhatsApp linaweza kubeba hadi watu 1,024. Kila aliyemo huona namba za wenzake, na kila mmoja anaweza kumfuata mwenzake pembeni. Msimamizi anaweza kufunga uandishi ili wasimamizi pekee watume ujumbe, lakini kufunga huko hakuzifichi namba. Ujumbe humfikia kila mwanachama bila kujali kama amehifadhi namba ya msimamizi, na hiyo ndiyo nguvu kubwa ya kundi.

Orodha ya matangazo hufanya kinyume chake. Unachagua majina hadi 256 kwa orodha moja, na unaweza kutengeneza orodha nyingi. Ukituma ujumbe, kila mtu huupata peke yake, katika mazungumzo yake na wewe, kama uliomwandikia yeye tu. Hajui nani mwingine kaupata, na akijibu, jibu lake huja kwako pekee. Sharti lake ni moja, nalo ni gumu: ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Wewe kuwahifadhi hakutoshi. Asiyekuhifadhi hupitwa, na programu haikupi orodha ya waliopitwa. Utaliona hilo kwa kubonyeza ujumbe na kuangalia uliwafikia akina nani.

Chukua mfano wa mama anayeuza maziwa Chumbageni. Saa kumi na mbili asubuhi anaandika: «Assalaam alaykum. Maziwa ya leo yamefika, na mtindi upo. Anayetaka aniambie kabla ya saa mbili.» Ukiwa ni ujumbe wa kundi, mteja wa kwanza atajibu «Lita mbili, bibie», wa pili atauliza bei mbele ya watu, wa tatu atasema mtindi wa jana ulikuwa mchachu kupita kiasi, wa nne atarusha video ya mawaidha ya dakika tano, na ifikapo saa mbili maagizo kumi yamezama katikati ya mambo arobaini yasiyohusu maziwa. Kupitia orodha ya matangazo, maagizo yale yale huja kila moja katika mazungumzo yake, na lalamiko la mtindi hushughulikiwa kwa heshima baina ya watu wawili. Halafu lipo jambo ambalo wauzaji hulifikiria wakiwa wamechelewa, nalo ni kwamba mshindani akiingizwa kwenye kundi la wateja, hapo hapo amepata namba zao zote.

Kinyume chake, kikoba hakiwezi kuendeshwa kwa orodha ya matangazo. Wanachama wanahitaji kuona kwamba taarifa ya hisa na marejesho imewekwa mbele ya wote kwa wakati mmoja, kwamba fulani ameuliza kuhusu mfuko wa jamii na mweka hazina amejibu, na kwamba jibu hilo halikubadilishwa kwa mtu mwingine. Uwazi ndio mali ya kundi. Kamati ya harusi iko katikati. Wajumbe wanaopanga ukumbi, mapambo na chakula wanahitaji kundi, lakini wachangiaji hawahitaji. Desturi yetu ya kumtia kila mchangiaji kwenye kundi moja na kuorodhesha majina pamoja na kiasi alichotoa inajulikana kwa kuchochea michango, nami sikatai kwamba hufaulu, ila hufaulu kwa kumtia mtu haya. Kundi la wajumbe kumi na watano na orodha ya matangazo ya wachangiaji vingefanya kazi hiyo kwa utulivu zaidi.

Kwa hiyo anayetaka kutumia orodha ya matangazo anapaswa kwanza kuhakikisha namba yake imehifadhiwa. Njia nyepesi ni kumwomba mteja ahifadhi namba hapo hapo dukani kabla hajaondoka, na kumtumia ujumbe mmoja wa salamu wenye jina la biashara ili asihangaike kuandika. Kuhifadhiana huku kuna faida ya pili. Stetasi ya WhatsApp, ambayo hudumu saa 24, huonekana tu kwa watu mliohifadhiana pande zote mbili. Muuza vitenge anayelalamika kwamba picha zake zinaonwa na watu wachache mara nyingi hana tatizo la picha, bali wateja wake hawajamhifadhi.

Wapo wanaokwepa ukomo wa 256 kwa kupakua matoleo yasiyo rasmi kama GBWhatsApp. Akaunti zinazotumia programu hizo hufungiwa na WhatsApp kwa muda au moja kwa moja, na mfanyabiashara aliyefungiwa namba amepoteza mlango wa duka kwa ajili ya dirisha. Kutengeneza orodha ya pili na ya tatu kunachukua dakika chache tu.

Kupanga waliomo: lebo, orodha na folda

WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, humruhusu mwenye biashara kuwabandika watu lebo za rangi hadi 20, kama vile «agizo jipya», «hajalipa» au «wa jumla», na kutuma tangazo kwa wenye lebo fulani. Ina pia majibu ya haraka na ujumbe wa kujitumia wenyewe duka likiwa limefungwa. WhatsApp ya kawaida ilipata mwishoni mwa 2024 kazi ya kupanga mazungumzo katika orodha unazozitaja mwenyewe, lakini hizo ni za kuchuja unachokiona wewe, si za kutumia watu ujumbe, na wengi huzichanganya na orodha za matangazo. Telegram ina folda tangu 2020, hadi kumi kwa asiyelipia, nazo ni nzuri kwa mtu aliyejiunga na chaneli nyingi.

Kwa muuzaji mwenye wateja wanaozidi mia moja, ningechagua WhatsApp Business bila kusita, kwa sababu ya lebo ya «hajalipa» peke yake. Afahamu tu kwamba namba moja haiwezi kufanya kazi kwenye WhatsApp ya kawaida na ya Business kwa wakati mmoja. Simu ya laini mbili hulimaliza tatizo hilo, laini moja ikiwa ya nyumbani na nyingine ya biashara, na faida yake haiishii kwenye programu, kwani hata shangazi wa Korogwe huacha kupokea matangazo ya mabati.

Chaneli

Chaneli ni ya kusema na watu wengi wasiotakiwa kujibu. Chaneli ya Telegram haina ukomo wa wafuasi, na kundi la Telegram hufika watu 200,000, idadi ambayo mtu wa Tanga ataihitaji labda akiwa anaendesha habari za Coastal Union. WhatsApp ilileta chaneli zake mwaka 2023. Katika zote mbili wafuasi hawaoni namba za wenzao, na hakuna anayelazimika kuhifadhi namba ya yeyote. Hilo linaifanya chaneli kuwa suluhisho safi la tatizo la nani kamhifadhi nani.

Udhaifu wake ni kwamba mfuasi ndiye anayekuja na ndiye anayeamua kutazama. Ujumbe wa chaneli ya WhatsApp hauingii katikati ya mazungumzo ya mtu pamoja na ujumbe wa dada yake na wa bosi wake. Umo katika ukurasa wake wa pembeni, na wengi huufungua wakiwa na nafasi tu. Kwa tangazo la maziwa ya saa kumi na mbili asubuhi, chaneli ni polepole mno. Kwa ratiba ya madrasa, nafasi za masomo au bei za wiki za soko la jumla, inatosha. Telegram ina nafuu zaidi kwa mafaili makubwa na kwa mtu anayejiunga leo akataka kusoma yaliyoandikwa mwaka jana. Ila ukweli wa hapa ni kwamba wateja wengi wa kawaida hawana Telegram, na kumwambia mama mtu mzima apakue programu mpya ili apate bei ya dagaa ni kumpoteza mteja.

Signal naitaja kwa ufupi. Ni nzuri kuliko zote kwa faragha, makundi yake hufika watu 1,000, na namba yako haionyeshwi kwa asiyekuwa nayo. Lakini haina kazi ya orodha ya matangazo wala chaneli, kwa hiyo si chombo cha biashara. Ni chombo cha watu wachache wenye jambo la kulindwa.

Ujumbe mfupi wa kawaida

SMS hufika kwenye kitochi cha mvuvi wa Tongoni na cha mzee wa Mkinga ambaye hana haja ya bando. Haimwulizi mpokeaji kama amekuhifadhi. Mei 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ikasuasua nchi nzima, SMS ziliendelea kwenda. Ujumbe mmoja una herufi 160, ukizidi huhesabiwa kama mbili, na hiyo humfundisha mtu kufupisha. Kasoro yake ni kwamba programu ya SMS ya simuni haikuundwa kwa orodha ndefu, na anayepokea SMS kutoka namba asiyoijua siku hizi hudhani ni tapeli wa «ile hela tuma kwenye namba hii». Anza kwa jina lako na mahali ulipo, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa taarifa za msiba sijaona kinachoishinda. Kundi la ukoo lina vijana, lakini wenye kauli katika ukoo mara nyingi ndio wenye vitochi. Kwa hiyo orodha ya wazee kumi au ishirini wa kutumiwa SMS ihifadhiwe kando, na kwa hao namba ziwe kwenye laini pia.

Ridhaa ya mwenye namba, na namba zilizohama mikono

Namba ya mtu ni taarifa yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na msingi wake ni kwamba taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja isitumike kwa nyingine bila ridhaa. Mteja aliyekupa namba ili umpelekee mzigo hajakupa ruhusa ya kumtia kwenye kundi la watu 300. Mwenye kuchoshwa na makundi ya ghafla ana kinga: katika mipangilio ya faragha ya WhatsApp kuna sehemu ya makundi, ambako unachagua wanaoweza kukuingiza wawe watu uliowahifadhi tu, au hao isipokuwa baadhi. Hapa pia utaona kwamba kumhifadhi mtu si jambo dogo, kwani unamfungulia mlango.

Katika suala hili la ridhaa, kundi ndilo lenye hatari kubwa na chaneli ndiyo yenye hatari ndogo. Telegram, kwa upande wake, huomba kunakili orodha yako yote kwenye seva zake, na huwaarifu watu wanaokuhifadhi kwamba umejiunga. Kunakili huko kunaweza kuzimwa, na yaliyokwisha kunakiliwa yanaweza kufutwa.

Namba zisizotumika kwa muda mrefu hurudishwa na kupewa watu wengine. Orodha ya miaka mitano iliyopita, hata iwe ndefu kiasi gani, ina watu usiowajua waliojificha nyuma ya majina unayoyajua. WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120, kwa hiyo mteja wa zamani ambaye picha yake imebadilika ghafla ikawa ya mtu mwingine huenda si yeye tena. Kabla ya Ramadhani, biashara inapoanza kushika kasi, pitia orodha na uondoe namba ambazo wenyewe hawajajibu tangu Idi iliyopita. Na wewe ukibadili namba, Telegram huwapelekea namba mpya watu waliokuwa na ile ya zamani. WhatsApp ina kazi ya kubadili namba inayohamisha makundi na kukuruhusu kuchagua wa kuarifiwa. SMS haina lolote, utaandika mwenyewe.

Kukabidhi orodha kwa mwingine

Jambo la mwisho ambalo vikundi hulisahau wakati wa kuchagua njia ni siku ambayo katibu atamaliza muda wake au kuhamia Dodoma. Kundi hukabidhiwa kirahisi: katibu mpya anafanywa msimamizi, wa zamani anaondolewa usimamizi, na wanachama hawaguswi. Chaneli ya Telegram nayo humilikishwa mtu mwingine rasmi, mradi mwenye kuikabidhi awe amewasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila ya ziada ya kuingilia, angalau siku saba kabla. Orodha ya matangazo haikabidhiki. Imo ndani ya simu ya aliyeiunda, na wapokeaji wamehifadhi namba yake yeye, si ya kikundi. Kikundi kinachotaka kutumia njia hiyo kinunue laini ya kikundi tangu siku ya kwanza, majina yawekwe kwenye akaunti ya Google ya kikundi, na katibu anayeondoka akabidhi laini, nywila na faili la majina mbele ya mwenyekiti, kama anavyokabidhi daftari la fedha na mhuri. Laini hiyo isajiliwe kwa jina la nani ni mjadala ambao wanachama na waumalize kabla ya kwenda kwa wakala, kwa sababu siku ikipotea, ni vidole vya aliyesajiliwa pekee vitakavyoirudisha.